Damu Inatoka Kwetu, Chanjo Inakwenda kwa Nani?

Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa wa mpox umefika Kenya. Mgonjwa wa kwanza hakugunduliwa Nairobi. Aligunduliwa huku kwetu, katika kituo cha mpakani cha Taita Taveta: msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda kwa kupitia Kenya. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Agosti, Shirika la Afya Duniani, WHO, likatangaza mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba nchi nne ambazo hazikuwahi kuripoti ugonjwa huo, yaani Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, sasa zilikuwa zimeuripoti.

Wengi wetu tuliisoma habari ile, tukaulizana kama wasafiri wa barabara ya Voi wako salama, tukaendelea na shughuli zetu. Lakini kuna swali jingine ndani yake. Kwa nini Kenya ilisema? Utalii wa Pwani ulikuwa katikati ya msimu. Bandari ya Mombasa inategemea malori yanayokwenda Uganda, Rwanda na Kongo. Serikali inayotangaza ugonjwa mpya mpakani inajua kuwa kesho yake kuna mtu Ulaya atakayeahirisha safari ya Diani. Basi inasema kwa sababu gani?

Inasema kwa sababu kuna mapatano. Kanuni za Kimataifa za Afya za 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007 na kuzifunga nchi 196, zinaitaka kila serikali iiarifu WHO ndani ya saa 24 baada ya kubaini tukio linaloweza kuwa hatari kwa wengine. Hakuna askari wa kimataifa atakayeigongea mlango serikali inayonyamaza. Kinachoifanya iseme ni ahadi: wewe sema mapema, nasi tutakusaidia badala ya kukuadhibu.

Hiyo ndiyo diplomasia ya afya. Neno hilo tukilisikia tunafikiria suti, bendera na picha za kupeana mikono, ilhali kazi yenyewe haina tofauti kubwa na ile inayofanyika Kongowea alfajiri lori la viazi linapofika. Ni kupatana. Kila upande una kitu ambacho mwenzake anakitaka, na kila upande unajaribu kuondoka na kingi kwa kutoa kidogo. Katika soko hili nchi kama yetu huleta habari, vielelezo vya damu na watu wa kufanyiwa majaribio ya dawa. Nchi tajiri huleta pesa, viwanda na chanjo. Ugomvi wote wa miaka 20 iliyopita ni juu ya bei.

Ahadi ya kutoadhibiwa imevunjwa mara nyingi, na kila mtu anakumbuka. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waligundua aina mpya ya kirusi cha korona, ile iliyoitwa Omicron, wakautangazia ulimwengu bila kuchelewa. Malipo yao yalikuja kabla wiki haijaisha: Uingereza, Umoja wa Ulaya na Marekani zikafunga milango kwa wasafiri kutoka kusini mwa Afrika. Januari 2025, WHO iliposema kuna dalili za ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, serikali ya Tanzania kwanza ilikanusha. Siku chache baadaye, tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan akasimama na mkuu wa WHO Dkt Tedros Ghebreyesus na kuthibitisha kwamba ugonjwa upo. Si vigumu kuelewa kilichokuwa kikipimwa katika zile siku za katikati.

Sisi wenyewe hatuna mikono safi. Watu wa Lunga Lunga na Taveta wanakumbuka Mei 2020, Kenya ilipofunga mpaka na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, madereva wa malori wakawa wanapimwa korona mpakani na foleni kurefuka. Agosti mwaka huo Kenya iliiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo abiria wake wangeingia bila karantini, na Tanzania ikajibu kwa kuzuia ndege za Kenya Airways. Ndugu wa damu, lugha moja, na bado ilichukua wiki za mazungumzo mpaka anga kufunguliwa Septemba. Kama Kenya na Tanzania zilifika hapo, msomaji asishangae mambo yanavyokuwa kati ya Afrika na Ulaya.

Kipindupindu, Hija na Kamaran

Mapatano haya hayakuanza na korona. Yalianza na kipindupindu, na watu wa mwambao walikuwa ndani yake tangu mwanzo, ingawa hakuna aliyewauliza.

Mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu afya ulifanyika Paris mwaka 1851. Mataifa ya Ulaya yalikuwa yamechoka na karantini. Kila bandari ilikuwa na sheria yake, meli zilikaa wiki nzima majini, bidhaa zikaoza. Ukisoma walichokuwa wakibishania unaona wazi kuwa biashara iliwauma sawasawa na ugonjwa, pengine zaidi. Halafu mwaka 1865 kipindupindu kikazuka Makka wakati wa Hija. Maelfu ya mahujaji walikufa, na waliorudi kwao kwa meli za moshi walikipeleka Misri, na kutoka Misri kikavuka hadi Ulaya. Mwaka uliofuata mataifa yakakutana Istanbul, na ajenda kubwa ilikuwa mahujaji.

Kipindupindu cha miaka ile kilifika na kwetu. Mwaka 1869 na 1870 kiliua watu wengi mno Unguja na katika miji ya mwambao. James Christie, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alifuatilia njia yake kwa kuwahoji wafanyabiashara wa misafara, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima juu yake. Kwa maelezo yake ugonjwa huo haukuja kwa jahazi. Ulishuka kwa miguu kutoka Uhabeshi, ukapita nchi ya Wamasai na kutokea Pangani, na kutoka hapo ukavuka kwenda Unguja.

Kilichotokana na mikutano ile ni vituo vya karantini kwenye njia za Hija. Mahujaji waliotoka upande wa kusini, yaani Bahari ya Hindi, walisimamishwa katika kisiwa cha Kamaran, kwenye mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, ambapo Waturuki walifungua kituo mwaka 1882. Hujaji alishushwa, nguo zake zikafukizwa dawa, akakaa siku alizopangiwa, na ada akalipa yeye. Sheria zile ziliandikwa na mabalozi na madaktari wa dola za Ulaya, wa Uturuki na wa Uajemi. Mtu wa Mombasa, Lamu au Unguja hakuwa na kiti. Yeye alikuwa ndiye tatizo linalojadiliwa.

Sitaki kusema kwamba karantini haikuwa na maana. Ilikuwa nayo, na mahujaji wenyewe walikuwa wakifa. Hata leo anayekwenda Hija anachanjwa homa ya uti wa mgongo, kwa sababu mlipuko wa mwaka 2000 ulisambaa na mahujaji hadi nchi nyingi, na Saudi Arabia ikaimarisha masharti yake. Kadi ya manjano ambayo wasafiri wengi huiweka ndani ya pasipoti ni mjukuu wa makaratasi ya Kamaran. Ninachosema ni kwamba mfumo huu ulizaliwa ukiwa na kazi moja, kuzuia maradhi ya mashariki na kusini yasifike kaskazini. Kazi ya pili, kuwatibu watu wa kusini, haikuandikwa. Ugomvi wa leo unatokana na jaribio la kuiandika.

Waziri aliyefunga friji

Aliyeanza kuidai kwa sauti kubwa ni mwanamke wa Indonesia, waziri wa afya Siti Fadilah Supari.

Mwaka 2006 homa ya ndege, aina ya H5N1, ilikuwa ikiua watu Indonesia kuliko popote duniani. Kila mgonjwa alipogunduliwa, kielelezo chake kilitumwa kwenye maabara zinazoshirikiana na WHO, na wataalamu huko wakakisoma na kufuatilia jinsi kirusi kinavyobadilika. Ulikuwa utaratibu wa miaka zaidi ya 50, na uliheshimika. Halafu Indonesia ikagundua kwamba kampuni moja ya Australia inatengeneza chanjo kwa kutumia kirusi kilichotoka kwa wagonjwa wa Kiindonesia. Hakuna aliyeiomba ruhusa. Na chanjo ikiwa tayari, Indonesia ingeinunua sokoni kwa bei ya soko, ikiwa itabaki ya kununua baada ya mataifa tajiri kuweka oda zao.

Bi Supari akafunga friji. Mwanzoni mwa 2007 Indonesia iliacha kutuma vielelezo. Hoja yake ilitoka mahali ambapo wataalamu wa afya hawakuwahi kutazama: Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992, unaosema kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe na rasilimali za kijenetiki zilizomo katika ardhi yake. Kama mti wa dawa wa msituni ni mali ya nchi, alihoji, kirusi je?

Alishambuliwa vikali. Waliomshambulia walikuwa na hoja, kwa sababu kama kirusi kile kingebadilika na kuanza kuruka kutoka mtu hadi mtu, dunia ingechelewa kujua, na wa kwanza kufa wangekuwa Waindonesia wenyewe. Mimi naona alicheza na moto. Lakini naona pia kwamba kwa miaka mingi nchi maskini zilikuwa zimeomba kwa adabu na hazikusikizwa, na ziliposikizwa ni baada ya mlango wa friji kufungwa. Mwaka 2009 homa ya nguruwe ikampa ushahidi: mataifa tajiri yalikuwa yameshanunua karibu chanjo yote kabla haijatoka kiwandani, na misaada kwa wengine ikafika wimbi likiwa limepita.

Mei 2011 mapatano yakapatikana. Nchi zitaendelea kutuma vielelezo vya homa ya mafua yenye hatari ya kuenea duniani. Kwa upande mwingine, viwanda vinavyotumia mtandao huo vinachangia pesa kila mwaka, jumla ya dola milioni 28, na kampuni za chanjo zinasaini mkataba na WHO wa kuipa sehemu ya chanjo zitakazotengenezwa wakati wa janga, ili zigawiwe nchi zisizo na uwezo. Kwa mara ya kwanza pande zote mbili za biashara ziliandikwa kwenye karatasi moja.

Tatizo ni kwamba karatasi ile ilihusu mafua pekee. Korona si mafua.

Kilifi ilitoa, ikasubiri

Utafiti wa afya si jambo la mbali kwa watu wa Pwani. Kilifi kumekuwa na kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome tangu 1989, na kuna kinamama wengi kuanzia Tezo hadi Ganze ambao watoto wao wametolewa damu kwa ajili ya tafiti. Chanjo ya kwanza ya malaria duniani, RTS,S, ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi miongoni mwa wengine wa Afrika. Ya pili, R21, iliyopendekezwa na WHO Oktoba 2023, ilijaribiwa Kilifi vilevile, na Bagamoyo, pamoja na Mali na Burkina Faso. Chanjo ya RTS,S ilipoanza kutolewa nchini Septemba 2019 ilianzia Homa Bay na kaunti za ziwa, ambako malaria ni kali zaidi. Uamuzi huo una mantiki ya kitabibu, na sina ugomvi nao. Ila mzazi wa Kilifi aliyemtoa mwanawe kwa majaribio ana haki ya kuuliza imekuwaje, na ajibiwe kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Bibi zetu walitutisha na mumiani, yule anayenyonya damu za watu akaifanye dawa ya kuuza mbali. Watafiti wengi waliokuja Pwani wameyasikia maneno hayo vijijini, na baadhi waliyachukulia kama ujinga wa kuondolewa kwa elimu. Mumiani hayuko, naam. Lakini swali lililo ndani ya hadithi ile, damu yangu inakwenda wapi na nani anapata faida, ndilo lile lile alilouliza waziri wa Indonesia mbele ya dunia.

Januari 2020 wanasayansi wa China waliuchapisha mpangilio wa vinasaba wa kirusi kipya, na kila maabara duniani ikaweza kuupakua bure. Hapa pana jambo ambalo lazima lieleweke, maana ndilo kiini cha ubishi wa leo. Zamani ili utengeneze chanjo ulihitaji kirusi chenyewe, kwenye chupa, ndani ya barafu. Sasa unahitaji herufi zake tu. Ukiwa na ule mfuatano wa herufi kwenye kompyuta, kazi inaanza siku hiyo hiyo. Kirusi kinatumwa kwa barua pepe, na hakuna friji ya kufunga.

Oktoba 2020 chanjo ya Oxford, iliyotengenezwa na AstraZeneca, ikaanza kujaribiwa Kilifi. Tarehe 3 Machi 2021 shehena ya kwanza ya chanjo hiyo ikatua Nairobi, dozi milioni 1.02, kupitia mpango wa COVAX uliobuniwa ili nchi zote zipate chanjo kwa haki. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu milioni 47.6. Kwa dozi mbili kila mmoja, shehena ile ilimtosha Mkenya mmoja katika kila 90 hivi. Na kabla mwezi haujaisha, India, ambako chanjo hizo zilitengenezwa, ikazuia kuziuza nje kwa sababu wimbi la pili lilikuwa likiua watu wake. Sidhani kuna serikali ambayo ingefanya tofauti. Ndiyo maana mpango wa dunia nzima kutegemea kiwanda kimoja ulikuwa kosa, na Canada wakati huo ilikuwa imeweka oda za kuwachanja raia wake mara kadhaa.

Kilichofuata ni diplomasia ya kuomba. Aprili 2021 Uingereza iliiweka Kenya kwenye orodha nyekundu, na Kenya ikajibu kwa kusimamisha ndege za abiria baina ya nchi hizo mbili. Julai Rais Uhuru Kenyatta akazuru London, na Uingereza ikatangaza msaada wa dozi 817,000. Watu wakachanjwa. Kisha wakagundua kwamba cheti cha chanjo kilichotolewa Kenya hakitambuliwi Uingereza, ingawa chanjo yenyewe ilikuwa zawadi ya Uingereza! Septemba, serikali ya Kenya na ubalozi wa Uingereza walitoa taarifa ya pamoja kueleza kwamba suala la vyeti linashughulikiwa, na Kenya ikaondolewa kwenye orodha nyekundu tarehe 22. Hoteli za Watamu na Malindi zilihesabu hasara ya miezi ile kwa vyumba vitupu.

Kulikuwa na njia nyingine. Oktoba 2020 India na Afrika Kusini ziliomba Shirika la Biashara Duniani lisimamishe kwa muda hataza za chanjo na dawa za korona, ili viwanda vya nchi nyingine viruhusiwe kuzitengeneza, na Kenya ikajiunga kudhamini ombi hilo. Haikuwa ndoto. Miaka 20 kabla, mvutano kama huo juu ya dawa za UKIMWI ulisaidia kuleta bei chini, hasa Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilipojitolea kuuza dawa za mgonjwa mmoja kwa dola 350 kwa mwaka, wakati kampuni kubwa zilikuwa zikidai maelfu. Safari hii jibu lilipatikana Juni 2022, likiwa limekatwakatwa hadi limebaki nusu, na wakati huo chanjo zilikuwa zimeanza kukosa watu wa kuchanjwa.

Kinachopiganiwa Geneva

Baada ya hapo mataifa yalikubaliana kuandika upya. Mazungumzo yaliamuliwa Desemba 2021, yakaendelea zaidi ya miaka mitatu, maneno yakiwekwa ndani ya mabano na kutolewa, wajumbe wakikesha. Aprili 2025, usiku wa manane, wakamaliza. Tarehe 20 Mei 2025 Baraza la Afya Duniani likapitisha Makubaliano ya Majanga ya Maambukizi. Katika kura ya kamati siku moja kabla, nchi 124 ziliunga mkono, 11 hazikupiga upande wowote, na hakuna iliyopinga. Marekani haikuwemo, kwani Rais Donald Trump alitangaza kuitoa WHO siku aliyoapishwa.

Moyo wa makubaliano hayo ni kifungu cha 12. Nchi zitoe kwa haraka vielelezo na ile mifuatano ya vinasaba. Viwanda vitakavyoshiriki, janga likitokea, vilenge kuipa WHO asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo vinavyotoka kiwandani wakati huo huo, angalau nusu yake bure na iliyobaki kwa bei nafuu. Linganisha na COVAX, iliyokuwa na nia njema ila ikapanga foleni nyuma ya wenye pesa. Hapa haki ya kupata inatokana na ulichotoa.

Lakini namna kifungu hicho kitakavyofanya kazi iliachwa kwa kiambatisho cha kujadiliwa peke yake, na makubaliano hayawezi kufunguliwa kwa nchi kutia saini mpaka kiambatisho kipitishwe. Baada ya hapo yanahitaji nchi 60 kuyaridhia. Ubishi uliobaki unaonekana mdogo ukiusikia kwa mara ya kwanza. Je, anayepakua herufi za kirusi kwenye hifadhi ya data lazima ajisajili na kusaini mkataba, au apakue bila jina? Nchi za Afrika zinataka asaini. Nchi zenye viwanda vikubwa vya dawa zinahofia kwamba masharti yatachelewesha utafiti. Kwa mtazamo wangu Afrika ina haki hapa: asilimia 20 haidaiwi kwa mtu asiyejulikana.

Nguvu ya Afrika katika chumba kile ni kuzungumza kama kundi. Nchi moja moja hatuna viwanda vya kutisha wala pesa za kushawishi. Tuna maradhi, tuna wataalamu wanaoyagundua mapema, na tuna kura nyingi. Ndiyo maana kilichotokea Washington tarehe 4 Desemba 2025 ni cha kutazamwa kwa makini.

Siku hiyo Kenya ilisaini na Marekani mkataba wa ushirikiano wa afya wa miaka mitano, Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi kwa upande wetu na Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio kwa upande wao. Marekani iliahidi hadi dola bilioni 1.6, na Kenya kuongeza matumizi yake ya afya kwa dola milioni 850. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake Afrika, baada ya serikali ya Trump kuvunja USAID. Hakuna anayejua hali ya kliniki za UKIMWI baada ya Januari 2025, misaada iliposimamishwa ghafla, atakayezibeza pesa hizo. Mgonjwa wa Likoni anayetumia dawa kila siku hawezi kusubiri kiambatisho cha Geneva.

Ila mikataba ya namna hii ina upande wake wa pili, ambao ni data. Kabla mwezi haujaisha Mahakama Kuu jijini Nairobi ilisimamisha kwa muda kutekelezwa kwa sehemu inayoruhusu data za afya za Wakenya kuhamishwa nje, kufuatia kesi ya watetezi wa watumiaji bidhaa. Serikali ilijibu kwamba sheria zetu za ulinzi wa data zitafuatwa. Huenda zikafuatwa. Wasiwasi wangu mimi ni wa bei. Kama nchi yenye nguvu inaweza kupata habari za magonjwa kutoka nchi moja moja, kwa mikataba ya wawili wawili, itakuwa na sababu gani ya kukubali masharti ya kundi? Mchuuzi akishawanunulia wavuvi watatu samaki wao faraghani kabla ngalawa haijafika pwani, chama cha wavuvi hakina tena cha kupatana nacho.

Kuna jambo la kisheria hapa ambalo halizungumzwi sana. Katiba yetu, ibara ya 2(6), inaufanya mkataba wa kimataifa ulioridhiwa na Kenya kuwa sehemu ya sheria zetu. Sheria ya Kutengeneza na Kuridhia Mikataba ya 2012 inataka mkataba upitie Baraza la Mawaziri, kisha Bunge, na kamati husika iupe umma nafasi ya kutoa maoni. Makubaliano ya Geneva yakifika Kenya yatapita njia hiyo, na mkaazi wa Kilifi, Kwale au Tana River anaweza kuandika barua kwa kamati akataja damu ya mwanawe. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 3, inaiacha nje mikataba ya nchi mbili inayohusu shughuli za serikali au masuala ya kiufundi na ya kiutawala. Mkataba wa namna hiyo unaweza kusainiwa, na wa kwanza kuusoma hadharani akawa hakimu.